Swichi ya Chumbani kwa Baba Mkwe

Nimewahi kuusomea mgomba namba ishirini za luku, moja moja, kwa sauti ya msomaji wa kanisani, na akili zangu zilikuwa timamu. Aliyetakiwa kuzisikia alikuwa baba mkwe wangu, aliyesimama ndani ya nyumba yake, dirisha wazi, kidole juu ya rimoti ya luku. Mimi nilikuwa nje kwenye migomba, nimeligeuzia dirisha mgongo. Katika ukoo nilikoolewa, hapa Ikuti, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawaketi chumba kimoja, hawapeani mkono na hawasemeshani. Wanyakyusa wengi wameiacha mila hiyo, au wameilegeza. Ukienda Tukuyu mjini utamkuta mzee anakula chipsi meza moja na mke wa mwanawe, na hakuna aliyeota mapembe. Nyumba yetu haikuilegeza.

Mwanzo namba zilipita kwa mama mkwe. Mimi ndiye mwenye simu ya kununulia umeme, kwa hiyo ujumbe wenye namba huja kwangu. Rimoti iko sebuleni kwa wazee, ambako sikanyagi, na mama ana mtoto wa jicho, vitufe havioni. Basi mimi nasema "nne" nikiwa mlangoni pa jiko, mama anageuka na kumwambia mumewe aliye hatua tatu kutoka kwangu, "Anasema nne." Mzee amekwisha kusikia, lakini anangoja aambiwe ndipo abonyeze. Ukikosea namba moja, rimoti inakataa na mnaanza upya. Siku moja tulikosea mara tatu, na mama akachoka.

"Mwe! Mboga yangu inaungua," alisema. "Gwe mwana, uambie mgomba ule pale hizo namba za limoti. Mwenye masikio atasikia."

Nikauambia mgomba, na umeme ukaingia mara ya kwanza. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Majirani walicheka, nami nilicheka nao, maana wakati huo sikuwa na la kupoteza.

Nyumba ni mbili kwenye kiwanja kimoja. Kubwa ni ya wazee. Ndogo ni yetu, mimi na mume wangu, ambaye ni utingo wa malori ya Tunduma na huonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi akinukia dizeli. Mita ni moja, na ni ya mzee. Umeme wetu umevutwa kutoka kwake kwa waya uliopita juu ya migomba. Na ile meni swichi, swichi kubwa ya kuwashia na kuzimia nyumba zote mbili, iko chumbani kwa mzee, juu ya kitanda chake.

Usinicheke. Fundi aliyefunga waya alimwuliza aiweke wapi, sebuleni au barazani kama kwa watu wote. Mzee akasema, "Juu ya kitanda changu, nikilala niione." Kabla ya kijiji chetu kupata umeme, nguzo zilikuwa zimepita barabarani miaka na miaka zikienda kwa wengine, na mzee alizihesabu kila alipopeleka majani ya chai kwenye banda la kupimia. Umeme ulipomfikia alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi. Aliulinda kama mtu anavyolinda ng'ombe wa maziwa wa kwanza katika maisha yake, na mpaka hapo hata mimi sina neno.

Neno langu lilianza na imani yake kwamba umeme unavuja. Aliamini meni swichi ikiwa juu, luku inakula hata kama hakuna kinachowaka ndani ya nyumba. Akaanzisha utaratibu wake. Akienda shamba la chai, anazima. Akienda ibada, anazima. Akienda kumsalimu jirani hatua hamsini kutoka hapa, anazima, na akinogewa na mazungumzo tunakaa gizani mpaka jirani achoke naye. Mkamwana ufanye nini? Huwezi kumwambia uso kwa uso, na huwezi kuingia chumbani mwake ukawasha. Chumba cha baba mkwe ndicho kilele cha miiko yote. Bibi yangu mzaa mama aliniambia, siku moja kabla sijaolewa, kwamba ni heri nivuke Mto Kiwira uliofurika kuliko kuvuka kizingiti kile.

Nilivumilia kwa sababu taa ni taa tu. Koroboi ipo, na nimekulia kwenye koroboi. Kisha nikanunua mashine ya kutotolesha vifaranga.

Ilitengenezwa na fundi mmoja mjini Tukuyu: sanduku la mbao nyepesi, glopu mbili za njano za kizamani zinazotoa joto, feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na kipimajoto. Nililima maharage misimu miwili kuipata. Wanawake wa kijijini wananiletea mayai ya kuku wao, nayakalisha kwenye mashine siku ishirini na moja, nayageuza kwa mkono asubuhi, mchana na jioni, na yakianguliwa wananiachia sehemu ya vifaranga. Hiyo ndiyo kazi yangu. Naandika neno kazi kwa makusudi, maana palikuwa na watu nyumbani mle walioliita sanduku lile mchezo wa mkamwana.

Mkupuo wa kwanza nilipata hasara. Mzee alienda kwenye mkutano wa kanisa na kuzima, na siku nyingine akaenda mnadani na kuzima. Huku kwetu baridi ya mwezi wa sita haiulizi, ukungu unaingia hadi chini ya blanketi. Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga wachache, wawili wao wamepinda miguu. Mengine yalikuwa mayai viza. Mwanamke mmoja alipokuja kuchukua wake aliangalia ndani ya ndoo, akaniangalia, akasema, "Ungetuambia tu tuyakaange." Nilicheka pamoja naye mpaka alipoondoka. Kisha niliingia ndani nikalia kwa hasira, na huwa silii ovyo.

Nikamtuma mama mkwe. Nikasema amwombe mzee aiache swichi juu kwa siku ishirini na moja tu, na umeme nitanunua mimi. Jibu lilirudi jioni, mama akilitoa huku anamenya ndizi, hanitazami.

"Anasema umeme ni wa mji wake, si wa kuku."

"Mama, na mimi si wa mji huu?"

"Mimi nimetumwa maneno, mwanangu. Majibu sikupewa."

Kisha akaniambia jambo la pili, na hilo lilikuwa la haki. Mzee alikuwa amegundua kwamba tangu mashine ije, hela ileile inaleta uniti chache zaidi. Alidhani nimemroga au nimemwibia. Ukweli ni kwamba mita yake ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wanaouziwa umeme kwa bei ya huruma kwa sababu wanawasha taa, redio na kuchaji simu. Ukizidisha matumizi, unahamishwa kundi la juu, na huko uniti ni ghali. Mashine yangu ilituhamisha. Kwa lugha nyingine, glopu zangu mbili zilimpandishia mzee gharama ya taa yake ya kusomea Biblia. Iliniuma, kwa sababu hapo alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo.

Lakini nilifanya nini? Nilienda ofisi ya umeme mjini kuomba mita yangu, mara mbili, mtoto mgongoni. Nikaambiwa nyumba ndogo ifungwe waya upya na fundi anayetambulika. Nikafunga. Nikaambiwa nisubiri vifaa. Mpaka leo nasubiri. Kwa hiyo anayenilaumu kwa kukaa kwenye mita ya mkwe aanze kwanza kuniletea mita.

Mwishowe mama alitupatanisha. Mzee akakubali: siku ishirini na moja swichi itakaa juu, umeme wote nitanunua mimi, na baada ya hapo tutaona. Nilizunguka kwa wanawake walewale. Haikuwa rahisi. Yule wa kuyakaanga alinipa mayai yake bora, ya kuku mwekundu anayempenda kama mtoto, akanishika mkono na kusema, "Mara hii tu. Ukinipa viza tena, mimi na wenzangu hatutakuletea hata ganda." Hakuwa ananitania. Nikayapanga mayai, nikayaandika alama kwa penseli, na nikaanza kuhesabu siku.

Siku ya kumi na nane niliacha kuyageuza, kama inavyotakiwa. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, niliweka sikio kwenye sanduku nikasikia wanalia ndani ya maganda. Sijui nieleze vipi sauti ile. Hujamwona bado, na tayari anakudai. Nilitabasamu peke yangu kama mwehu, nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nilijua wazee watasafiri asubuhi hiyo. Shemeji yake mzee alikuwa amefariki Kisondela, na msiba kwetu si wa kwenda na kurudi. Mnalala huko siku mbili, tatu. Kijiji chetu karibu chote kilikuwa kimeondoka, wengine kwa miguu, wengine kwa bodaboda. Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa nibaki na mtoto na ng'ombe, niende na wanawake wa mwisho siku ya maziko. Niliwasikia wakifunga mlango, pikipiki ikaunguruma ikashuka na ukungu.

Niliporudi na mzigo wa majani, glopu zilikuwa zimekufa.

Nilidhani umeme umekatika. Hapa kwetu mvua ikipiga chafya tu, umeme unakatika, na nina ujanja wangu wa kukabili hilo: blanketi na chupa za maji ya moto. Kisha nikatazama ng'ambo ya bonde, kwenye nyumba ya jirani ambaye taa yake ya nje huwaka mchana kutwa. Ilikuwa inawaka. Nikatazama dirisha la mzee. Nikaelewa. Alikuwa ameagana na ng'ombe wake, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukapanda juu ya kitanda na kuzima.

Nilipiga simu ya mama. Ikaita ndani ya nyumba iliyofungwa, alikuwa ameisahau. Mzee hana simu. Nikampigia mume wangu, aliyekuwa kwenye foleni ya malori mpakani.

"Subiri warudi," akasema.

"Wanarudi keshokutwa."

"Sasa mimi nifanyeje, mama? Niko Tunduma."

"Niambie niwashe."

Nilisikia honi za malori upande wake. "Hilo usiniulize," akasema. "Kile ni chumba cha baba." Nikakata simu. Nampenda mume wangu, lakini siku ile ningempata karibu ningempiga na kandambili.

Ningekuwa na mtoto mkubwa ningemtuma, maana mjukuu hana mwiko na babu yake. Wangu alikuwa na miezi minane na kazi yake ilikuwa kunilowesha mgongo. Nikaenda kwa bibi kizee wa jirani, ambaye miguu haikumruhusu kwenda msibani. Nilimweleza, nikamwomba nimshike mkono hadi kwetu aingie awashe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasukuma ugoro ndani ya mdomo.

"Mimi niingie chumba cha mume wa mtu, mwenyewe hayupo? Kwa uzee huu? Watasema nini?"

"Watasema umewasha taa, bibi."

"Huwajui watu wa hapa, gwe."

Nilirudi mbio. Nikawasha jiko, kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Nikachemsha maji, nikajaza chupa, nikazipanga ndani ya sanduku, nikafunika blanketi, kitenge cha harusi na koti la mume wangu. Kipimajoto kilipanda kidogo, kisha kikashuka. Nikachemsha tena. Kufikia saa sita mikono yangu ilikuwa imeungua vidoleni na kuni zenyewe zilikuwa zimekwisha. Niliweka sikio. Sauti zilikuwa zimepungua. Palepale nilipokuwa nasikia wengi, nilisikia wawili au watatu, wanalia kwa kupumzika.

Bado siku mbili.

Nilikaa chini kwenye kizingiti changu na kuitazama nyumba ya mzee. Hakuna aliyeniona isipokuwa ng'ombe. Nilijua ufunguo ulipo. Mama huuweka chini ya kinu na aliwahi kunionyesha, kwa ajili ya siku nyumba ikiungua. Nilijiuliza maswali machache, na nitayaandika kama nilivyojiuliza. Nikiwaua vifaranga hawa kwa adabu, adabu hiyo itanilipa nini? Nani atamweleza yule mwenye kuku mwekundu kwamba mayai yake yamekufa kwa heshima? Na kama mwiko ni kati ya mimi na baba mkwe, baba mkwe mwenyewe yuko Kisondela. Kilichobaki mle ndani ni kitanda na kipande cha plastiki ukutani. Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga, na wao wenyewe ndio walioweka miiko. Nikainuka.

Sikuvua viatu. Hilo nilikuwa nimeliamua kabla ya kugusa kinu. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mweusi ulikuwa umeganda kwenye raba zangu kama ugali. Kama ningeingia, ningeingia waziwazi. Kunyata ni kwa wezi, nami sikuwa nimekuja kuiba.

Sebuleni niliwahi kuingia mara moja tu, siku ya harusi, kichwa kimefunikwa. Chumba chenyewe sikuwahi kukiona hata kupitia mlango ulio wazi. Nilitegemea nini sijui. Palikuwa na kitanda cha mbao kilichotandikwa vizuri, Biblia na miwani yenye mkono uliofungwa uzi, koti la ibada kwenye msumari. Kwenye kona ilikuwepo taa ya karabai, imefutwa inang'aa, kioo kizima, kama vile itawashwa usiku uleule. Umeme ulikuwa umefika miaka yote hiyo na mzee hakuwa ameuamini hata siku moja. Nilimwonea huruma kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikapanda juu ya kigoda chake, nikanyoosha mkono, nikasukuma swichi juu.

Redio ikalipuka kwa kwaya. Nilishuka kwenye kigoda kwa kuruka, mtoto mgongoni akaanza kulia, na moyo wangu ulienda mpaka Kisondela ukarudi. Walikuwa wameiacha redio wazi sebuleni. Nilipotambua ni redio nilicheka kwa sauti, chumbani kwa baba mkwe wangu, peke yangu na mtoto analia. Nikatoka. Nyayo zangu zilikuwa sakafuni, nyeusi, kutoka mlangoni mpaka kitandani na kurudi. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Nikauacha ulipo.

Siku ya ishirini walianza kutoboa maganda. Siku ya ishirini na moja, siku ya maziko, nilikuwa na vifaranga kila pembe ya nyumba, wanyevu, wanayumba, wanakausha manyoya chini ya glopu. Si wote waliopona. Wapo waliokata tamaa saa zile za baridi, na mayai yao niliyazika mwenyewe chini ya mgomba. Lakini kuku mwekundu alipata watoto tisa, na mwenye kuku, aliyetoka msibani moja kwa moja na khanga ya kilio kiunoni, aliwahesabu mara mbili. "Nitaleta mengine," akasema. Sikwenda maziko. Hilo nalo lilisemwa, na lilikuwa kweli.

Wazee walirudi jioni ile. Niliwasikia wakifungua mlango. Kisha nikasikia sauti ya mzee, fupi. Mama alikuja kwangu akiwa bado na vumbi la safari, akaketi kwenye kigoda, akaanza na salamu zote kana kwamba hakuna kitu.

"Ndaga, mwanangu."

"Ndaga, mama. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Gwe mwana, sakafuni kwangu amepita nani?"

"Mimi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye swichi, mama. Nimepanda kigoda, nimewasha, nimetoka. Nyayo nimeziacha ili msimsingizie mtu."

Alifumba macho yake yenye ukungu. Nadhani alikuwa anazuia kitu, na nadhani hakikuwa kilio. Akanieleza yanayofuata. Katika ukoo huu, mkamwana akivunja mwiko ule, huleta kuku nyumbani kwa mkwe ili yaishe. Kuku huyo hachinjwi wala hauzwi. Anafugwa na mzee mwenyewe mpaka akomae, na akifa kwa uzembe mikononi mwake, mkosi unamrudia yeye.

"Kuku mmoja tu, mwanangu. Yaishe."

"Aliyezima ni nani, mama? Tulikubaliana siku ishirini na moja."

"Mila haiulizi nani alizima."

"Basi mila iulize mimi nitalipa kwa moyo gani."

Nilikuwa nimeapa sitalipa. Nililala na kiapo hicho. Asubuhi nilipowasha jiko, vifaranga wanalia nyuma yangu, nilisimama na kiberiti mkononi nikaanza kucheka. Dawa ya moto ni moto. Mila ilisema kuku. Haikusema wa umri gani.

Nilichukua boksi la sabuni, nikalitoboa matundu, nikatandika maranda. Nikaweka vifaranga wawili wa siku moja, maana mmoja peke yake hufa kwa upweke, na sikutaka mzee apate mkosi kwa ubahili wangu. Juu nikaning'iniza glopu ya njano na waya wake. Nikampelekea mama mlangoni pa jiko, nikasema kwa sauti ya kusikika dirishani:

"Mama, faini yangu hii hapa. Nimeongeza mmoja. Ila ni wachanga, baridi ya hapa itawaua kwa saa chache. Taa hii iwake mchana na usiku, wiki nne, mpaka waote manyoya. Wakae chumbani kwa mzee, jikoni kuna paka."

Mama alilipokea boksi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Mchana na usiku," alirudia, kumwambia aliyekuwa ndani, kama enzi zile za namba ishirini. "Anasema wiki nne."

Swichi haikuzimwa siku ile. Jumapili mzee alienda ibada, nami nilisimama uani nikiitazama glopu yangu dirishani kwake, na iliwaka mpaka aliporudi. Alienda shambani, ikawaka. Wiki ya pili yeye mwenyewe alituma hela ya umeme kwa mkono wa mama, bila neno. Sitasema nilishinda, maana uniti bado ni za bei ya juu na mita yangu haijaja. Nasema tu kwamba iliwaka.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye migomba nakata majani makavu. Dirisha likafunguliwa. Nikaligeuzia mgongo, kama kawaida, nikangoja aseme na mkewe. Mama hakuwepo, alikuwa mtoni.

"We mgomba," sauti ya mzee ikasema nyuma yangu, taratibu. "Nina swali. Kifaranga mmoja ameshusha mabawa, hataki kula. Ninamfanyaje?"

Mgomba haukujua. Kisu kilibaki mkononi. Nilifikiria vile vitu vyote ambavyo mkamwana hapaswi kufanya, nikageuka, nikalitazama dirisha, na mzee alikuwa amesimama pale, kifaranga kwenye kiganja chake.

"Ishushe taa karibu yake, baba," nikasema. "Na usiizime."